Piano Kubwa Inapokuja Nyumbani: Anza na Chumba

Mtu akishalipia piano kubwa mpya, ile ya miguu mitatu na mkia mrefu, kila anayesikia humuuliza kama itapita mlangoni. Swali lina maana, lakini si la kukosesha usingizi. Ukipata vijana watano wanaoijua kazi, ubao mzuri na mikanda imara, piano itakuwa imekaa sebuleni kabla ya chai ya saa nne. Kinachoimaliza piano katika pwani yetu ni hewa. Haivunji kitu siku ya kwanza. Inafanya kazi yake mwaka mmoja, miwili, mitatu, mpaka vibonyezo vikibonyezwa havipandi tena, nyuzi zimeshika kutu, na fundi anakutajia gharama inayokufanya uombe kiti.

Kwa hiyo nakushauri uanze na chumba, tena miezi miwili kabla piano haijafika. Ninaandika nikimfikiria zaidi mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja. Walioko Nairobi na Arusha wana taabu yao ya namna nyingine, nitaigusia nikifika hapo.

Unyevu

Piano hutengenezwa ikitarajiwa kuishi kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, usiopandapanda na kushukashuka. Dar es Salaam asubuhi kipimo hupita 80 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hufika 90 bila shida. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa karibu kila ugonjwa wa piano utakaousikia.

Ifungue piano kwa mawazo kidogo. Ndani kuna nyuzi zipatazo 230, na ukijumlisha mvuto wake wote unapata tani 18 hadi 20. Mzigo huo hubebwa na fremu ya chuma, ambayo haijali mvua wala jua. Lakini chini ya nyuzi kuna ubao wa sauti, mbao laini ya sprusi isiyofika hata unene wa sentimita moja, iliyopindwa kidogo kuelekea juu. Ubao huo ndio unaoipa piano sauti yake, na ubao unakunywa maji kutoka hewani. Ukinywa, unavimba, mpindo unapanda na kuzisukuma nyuzi, na sauti inapanda nayo. Sauti za katikati hupanda kuliko za pembeni, ndiyo maana piano iliyopigwa na masika husikika kama imegombana yenyewe kwa yenyewe. Hewa ikikauka mambo hugeuka, na ikikauka kupita kiasi ubao hupasuka.

Halafu kuna felti, ile sufu iliyoshindiliwa ambayo imevikwa kwenye nyundo na kwenye tundu ndogo zinazoshika vibonyezo. Felti ikilowa hunenepa, tundu hubana, na kibonyezo hugoma. Mwenye piano hudhani kuna kitu kimevunjika. Hakuna kilichovunjika, chumba kimelowa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kununua kipima unyevu. Ni kifaa kidogo cha bei nafuu, na vingi hudanganya, kwa hiyo kijaribu kabla ya kukiamini. Chukua kizibo cha soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea matone machache ya maji mpaka chumvi ilowe bila kuyeyuka yote. Kiweke kizibo pamoja na kipimo ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ufunge, uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, na hiyo ni kanuni ya fizikia, haibadiliki kwa mji wala kwa msimu. Kama kipimo chako asubuhi kinasoma 70, ujue kinapunguza tano, nawe uziongeze kila unapokisoma. Jaribio hili halina gharama na litakusaidia kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Kisha kitundike kwenye chumba ulichokikusudia, uandike alfajiri na jioni kwa wiki kadhaa. Utajifunza mambo ambayo hukuyatarajia. Chumba kinachotazama bahari huwa kibaya kuliko cha nyuma. Chumba kilichopakana na jiko au bafu hupanda ghafla saa za kupika na kuoga. Nyumba za zamani zenye madirisha ya vioo vya kupishana na wavu wa mbu hazifungiki kabisa. Utakausha hewa ya mtaa mzima usiimalize. Katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe au Lamu, ukuta wenyewe hufyonza maji kutoka ardhini, hivyo hata mlango na dirisha vikifungwa unyevu unatoka ukutani.

Chumba cha piano kinatakiwa kifungike. Kama madirisha hayazibiki, badilisha madirisha kwanza, au chagua chumba kingine, au, niseme bila kuzunguka, nunua piano ya umeme. Si aibu. Piano nzuri ya umeme ndani ya nyumba iliyo wazi itaishi kuliko piano kubwa ya bei mara kumi yake.

Chumba kikishafungika, weka mashine ya kukausha hewa, ile inayokusanya maji kwenye ndoo yake. Ichague yenye uwezo wa kuunganishwa na bomba linalotoa maji nje, kwa sababu ndoo ikijaa mashine hujizima, na msaidizi wa nyumbani akisahau kuimwaga siku mbili kazi yote imepotea. Mashine ya wati 400 ikifanya kazi jumla ya saa kumi kwa siku inakula uniti nne za umeme. Zipige kwa bei ya Luku au tokeni zako, ujue kila mwezi piano itakudai kiasi gani. Ni afadhali ujue kabla.

Watu wengi huamini kiyoyozi kinatosha. Kiyoyozi hukausha hewa, ni kweli, lakini namna tunavyokitumia ndiyo inayoleta balaa. Mtoto anakuja kufanya mazoezi saa kumi jioni, kinawashwa kwenye nyuzijoto 18, saa kumi na mbili kinazimwa, dirisha linafunguliwa. Ile fremu ya chuma, kipande kizito kuliko vyote ndani ya piano, imekwishapoa na haipati joto haraka. Hewa ya nje, yenye joto na unyevu, inaingia na kukutana na chuma baridi na nyuzi baridi, na maji yanatulia juu yake kama matone madogo yasiyoonekana. Kutu huanzia hapo. Bora kiyoyozi kiwe kwenye nyuzijoto 25 au 26 mchana kutwa kuliko 18 kwa saa mbili. Kwenye rimoti tafuta alama ya tone la maji. Hiyo ni hali ya kukausha, inafaa siku za mvua ambazo joto si kali. Na kipepeo cha kiyoyozi kisipulize moja kwa moja kwenye piano.

Umeme ukikatika usihangaike. Chumba kilichofungwa vizuri hukaa saa kadhaa bila kubadilika sana. Kinachodhuru ni kufungua madirisha kwa sababu ya joto.

Vipo pia vifaa vinavyofungwa chini ya piano yenyewe. Kinachojulikana zaidi ni cha kampuni ya Marekani iitwayo Dampp-Chaser, iliyoanza mwaka 1947: fimbo za kupasha joto kidogo, tangi la kuongeza unyevu hewa ikikauka, na kidhibiti kinachoamua kipi kiwashwe. Ni msaada mzuri, lakini piano kubwa iko wazi kwa chini, kwa hiyo kifaa hicho hakiwezi kupigana na chumba kilicholowa. Kitazame kama nyongeza ya chumba kilicho sawa.

Sasa ndugu zangu wa bara. Nairobi na Arusha hewa hupoa na kukauka, hasa Januari na Februari mchana, kisha mvua za masika zinaanza na kipimo kinaruka. Shida yenu ni kule kuyumba. Mwenye nyumba yenye meko ya kuni sebuleni, kama zilivyo nyingi upande wa Limuru na Karen, asiiweke piano karibu na moto, na miezi ya ukame huenda akahitaji mashine ya kuongeza unyevu badala ya kuupunguza. Kipimo ndicho kitakachomwambia.

Kupima njia

Piano kubwa karibu zote zina upana wa takriban sentimita 150, kwa sababu vibonyezo ni 88 kwa karibu kila piano. Zinazotofautiana ni kwa urefu na uzito. Yamaha GB1K, ambayo ni ndogo, ina urefu wa sentimita 151 na kilo 261. C3X ya kampuni hiyohiyo ina sentimita 186 na kilo 320. Steinway ya kumbi, Model D, ina sentimita 274 na inakaribia nusu tani. Hiyo haihitaji mwongozo huu, inahitaji ukumbi.

Kabla ya kuagiza, tandika maboksi yaliyokunjuliwa sakafuni kwa umbo la piano, uweke na kiti chake, uache kama mita moja ya kupita nyuma ya mpigaji. Kaa na maboksi hayo wiki nzima. Utaona kama mlango unafunguka, kama watu wanapita kwenda mezani. Chumba cha mita nne kwa tano kinaitosha piano ya sentimita 150 au 160. Ukiweka ya 186 itaenea, lakini sauti itakuwa kubwa kuliko masikio yako, hasa kwa nyumba zetu za saruji na marumaru ambazo kila sauti inarudi kutoka kila upande. Wauzaji wa piano humshawishi mtu achukue iliyo ndefu zaidi ambayo fedha zake zinafika. Mimi ningechukua fupi, salio likaenda kwenye madirisha na mashine ya hewa.

Piano haibebwi ikiwa imesimama kwa miguu yake. Miguu hutolewa, nayo piano hulazwa kwa ubavu wake ulionyooka, ule wa sauti nzito, juu ya ubao maalumu. Ikiwa hivyo, kimo chake ni kama mita moja na nusu na zaidi kidogo, na unene pamoja na mablanketi hauzidi sana nusu mita. Mlango wa sentimita 80 unapitisha. Kona ndizo zinazokwamisha: ukumbi mwembamba unaopinda, ngazi zenye kituo kidogo katikati. Tengeneza fremu ya mbao nyepesi au boksi la friji lenye vipimo vya piano iliyolazwa, ulitembeze kutoka getini hadi chumbani. Usisahau geti la grili mbele ya mlango. Wengi hupima mlango wa mbao wakasahau kwamba grili imekula sentimita kumi. Milango inaweza kung'olewa kwenye bawaba asubuhi hiyo, lakini grili iliyochomelewa itahitaji fundi wa kuchomelea, na huyo humpati saa mbili asubuhi siku ya Jumapili.

Ghorofani ni habari nyingine. Lifti ya kawaida ya jengo la makazi mara nyingi haina kina cha kuitosha piano, na kuisimamisha piano kwa mkia wake ili iingie ni jambo lisilofanywa. Kinachobaki ni ngazi, au winchi kupitia roshani baada ya kuondoa vioo na vizuizi. Winchi hutisha kutazama lakini kwa ngazi za ghorofa ya tatu ni salama kuliko migongo ya watu. Mji Mkongwe na Mji wa Kale wa Mombasa kuna la ziada: lori haliingii vichochoroni, kwa hiyo hatua za mwisho ni za mkokoteni na mahamali, nawe upime kichochoro pia.

Kwa sakafu, jamvi la zege halina wasiwasi. Kilo 300 zikigawanywa kwa miguu mitatu ni kama kilo 100 kila mguu, ila zote zinasimama juu ya gurudumu dogo. Marumaru zikiwa zimebandikwa vibaya, zina uwazi chini, na zitapasuka. Chukua sarafu au kipini cha bisibisi, gonga kila marumaru mahali mguu utakaposimama. Inayotoa mlio wa utupu ing'olewe ibandikwe upya kabla ya siku ya piano. Kila gurudumu liwekewe kisahani chake cha mbao au plastiki ngumu.

Bandarini

Piano mpya nyingi hufika kwetu kwa meli, kupitia Dar es Salaam au Mombasa, ndani ya sanduku la mbao au boksi gumu, miguu na pedali zikiwa zimefungwa pembeni. Hapa mpe kazi wakala wa forodha mwenye kibali na usijaribu kujifunza kazi yake kwa mzigo wako mwenyewe. Mpe nyaraka mapema, zote zikionyesha maelezo yaleyale, kwa sababu siku za bure bandarini huisha upesi na gharama za kuhifadhi huanza kuhesabika. Katika hesabu zako kumbuka kwamba VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, hupigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe, si juu ya bei uliyomlipa muuzaji peke yake.

Bima ya meli ina mtego wake. Ukinunua kwa masharti ya CIF, muuzaji hulipia nauli na bima hadi bandari ya kufikia tu. Safari kutoka bandarini hadi kwako, yenye matuta, mashimo na kupakua kwa mikono, haimhusu, na hiyo ndiyo safari yenye hatari kubwa zaidi. Kenya nayo inataka bima ya mizigo inayoingia ikatwe kwa kampuni za ndani. Muulize wakala na kampuni ya bima swali moja kwa maandishi: piano ikianguka mbele ya mlango wangu, nani analipa?

Muombe muuzaji aweke vifuko vya kufyonza unyevu ndani ya vifungashio. Kontena husafiri mchana moto usiku baridi, na dari lake hutoa jasho linalodondokea mizigo.

Kama umeshawishika na piano ya zamani yenye vibonyezo vya pembe za ndovu, acha. Tangu mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, CITES, ulipopiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe mwaka 1989, kuvusha kitu cha namna hiyo mpakani ni kujitafutia kesi, na viwanda vikubwa vimehamia plastiki. Historia ina kejeli yake hapo: karne ya 19, pembe nyingi zilizopita Bagamoyo na Zanzibar ziliishia Deep River na Ivoryton, miji midogo ya jimbo la Connecticut, Marekani, ambako zilikatwa zikawa vibonyezo vya piano.

Siku yenyewe

Chagua asubuhi isiyo na mvua, na kama unaweza, epuka Machi hadi Mei. Omba lori lenye jukwaa la kushusha kwa nyuma. Kirikuu, ile pikapu ndogo, haifai: piano inaweza kuingia, lakini itasafiri ikiwa imeinama na mtu ameikalia.

Kabla kamba haijafunguliwa, zunguka sanduku ulipige picha pande zote. Baadhi ya masanduku hubandikwa kialama kinachobadilika rangi kikipata kishindo au kikilazwa vibaya. Kama kimebadilika, andika kwenye hati ya kupokelea kabla ya kusaini. Dereva atakuambia ana haraka, wewe andika.

Vijana wa kubeba wawe na msemaji mmoja. Ukisikia watu wawili wanatoa amri, simamisha kazi. Kiongozi mzuri utamtambua: anatembea njia yote mikono mitupu kwanza, anang'oa mazulia madogo yanayoteleza, anauliza watoto wako wapi, anaonyesha kila mtu mahali pake. Asiyefanya hivyo anakwenda kujifunza kwa piano yako.

Ikishafika chumbani, bado imelala ubavu juu ya ubao wake. Sasa tazama kwa makini, kwa kuwa ajali nyingi hutokea hapa, wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha. Miguu huwa na namba au alama, haibadilishani. Wanafunga ule wa mkiani na ule wa mbele upande wa kulia. Kisha wanaiinamisha polepole, wawili wakiwa upande wa vibonyezo, mmoja mkiani, mpaka miguu miwili iguse sakafu. Kona ya mbele kushoto bado iko hewani, mikononi mwa watu, na mtu mmoja anaingia chini kuufunga mguu wa tatu. Hakuna mzaha wala simu wakati huo. Kila mguu una kifungio chake, kabari au skrubu, na lazima kifike mwisho. Anayekagua aguse yote mitatu kwa mkono wake mwenyewe. Mguu ambao haukufika mwisho hukaa siku nyingi bila kuonyesha dalili, mpaka mtu asukume piano kufagia chini yake.

Pedali huja mwisho, pamoja na vile vyuma vyembamba vinavyoishikilia kwa nyuma. Visiachwe kwenye boksi kama vipuri. Bila hivyo pedali huvunjika.

Kisha ukaguzi, wakati vijana bado wapo na hujalipa fedha ya mwisho. Kabla ya kuinua kifuniko kikubwa, inama utazame bawaba zake upande wa kushoto kama pini zote zimo. Pini zikiwa zimetolewa safarini na hazijarudishwa, kifuniko kitateleza chote ukikiinua. Soma namba ya mfululizo iliyopigwa kwenye fremu ya chuma, uilinganishe na ya kwenye ankara. Kwa namba hiyo utaweza pia kujua mwaka ilipotengenezwa, na kama "mpya" yako ni mpya kweli. Bonyeza vibonyezo vyote 88 kimoja kimoja, taratibu. Kanyaga pedali moja moja. Usishtuke ikiwa sauti hazijakaa sawa. Baada ya wiki kadhaa baharini hazitakaa sawa, na huo si uharibifu.

Mbao za sanduku zitoke nyumbani siku hiyohiyo. Zikiachwa uani zimeegemea ukuta, mchwa watakuja kwa ajili yake na watabaki kwa ajili ya piano.

Mahali pake

Ubavu ulionyooka, upande wa kushoto wa mpigaji, uelekezwe ukutani. Kifuniko hufunguka kuelekea kulia, na huko ndiko sauti inakotoka, kwa hiyo huko wawe wasikilizaji. Iache sentimita 15 au 20 kutoka ukutani, zaidi kama ukuta ni wa nje. Jua lisiifikie hata kwa saa moja ya jioni.

Ukiona sauti ni kali kupita kiasi, usikimbilie kumwita fundi alainishe nyundo kwa sindano. Weka zulia chini yake, pazia zito dirishani, rafu ya vitabu ukuta wa mbele. Sikiliza mwezi mmoja kwanza.

Isisukumwe kwa magurudumu yake. Ni madogo na yamewekwa zaidi kwa sura. Ukitaka kuihamisha hata mita moja, iite timu iinue.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi akina mama wenye nyumba, nao wanisamehe. Juu ya piano hapawekwi vitambaa vya kusuka, maua, picha za harusi wala glasi ya juisi. Kitambaa huzuia unyevu juu ya rangi na kuacha alama nyeupe. Picha hutetema piano ikipigwa. Na juisi ikimwagika ndani hakuna tena mjadala. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, bila mafuta ya fanicha wala dawa za kupuliza. Dawa ya mbu na mende isipulizwe ndani wala karibu, kwa sababu hutua kwenye nyuzi na vigingi vyake. Nondo hupenda felti na panya huifanya kitanda, lakini wote huchukia kusumbuliwa: piano inayopigwa kila siku, na kufagiwa chini yake kila wiki, hawaizoei.

Fundi

Mafundi wa piano Afrika Mashariki ni wachache, na walio wazuri wana foleni. Mtafute kabla hujalipia piano, maana katika miji mingi atasafiri kutoka mji mwingine na nauli ni juu yako. Waulize walimu wa muziki wanaomtumia, au shule na makanisa yenye piano ya kweli. Fundi wa gitaa na vinanda vya umeme, hata awe hodari, si fundi wa piano. Vigingi vya nyuzi vikishalegezwa kwa koleo havirudi vilivyokuwa.

Asije wiki ya kwanza. Iache piano wiki mbili au tatu chumbani, mashine ya hewa ikifanya kazi, kipimo kikisoma 50 na ushee asubuhi na jioni, ndipo atyuni. Akiityuni kabla mbao hazijazoea, utakuwa umelipia sauti itakayohama. Nyuzi mpya zenyewe huendelea kuvutika, hivyo mwaka wa kwanza panga mara tatu au nne. Baada ya hapo mara mbili kwa mwaka zinatosha, wiki chache baada ya majira kubadilika na si katikati ya mabadiliko. Atalenga sauti ya A iliyo juu ya do ya katikati iwe hezi 440, kipimo cha kimataifa. Akikuambia piano imeshuka sana na lazima aityuni mara mbili siku moja, hakuibii. Nyuzi zikipandishwa nyingi kwa pamoja hushushana, na mara ya pili ndiyo ya kusawazisha.

Ukitaka kujua mwenyewe kama wakati wake umefika, bonyeza kibonyezo kimoja cha katikati ukishikilie, usikilize. Sauti hiyo hutoka kwenye nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo moja. Zikiwa sawa, utasikia sauti moja inayofifia kwa utulivu. Zikiachana, sauti hiyo itakuwa inapanda na kushuka kwa mawimbi. Vikianza kufanya hivyo vibonyezo vitano sita, tazama kipima unyevu kabla hujapiga simu. Kama kimeruka, rekebisha hewa, usubiri wiki mbili, usikilize tena. Kama hakijaruka, mpigie fundi, umwambie ni vibonyezo gani, na umwombe aje na felti za akiba, kwa sababu madukani kwetu hazipatikani.